Umenizika mara ngapi?

Mwezi wa 8 mwaka 2021, saa 4 na dakika 50 usiku, mama alinipigia simu kutoka Kondoa. Mimi nilikuwa uani naoga. Niliporudi chumbani nikakuta amepiga mara moja tu, kisha ameniandikia: "Ukipata nafasi nipigie." Nikapiga. Haipatikani. Nikasubiri dakika moja, nikapiga tena. Asubuhi nilipoangalia nilikuta nimepiga mara 31.

Mama akishaswali isha hulala. Hapigi simu saa 5 kasoro. Hilo tu lilinitosha. Nilikaa kitandani, chumba changu cha kupanga Nkuhungu, nje upepo wa Agosti unasukuma mabati, na kila bati lilipogonga nilishtuka kama mtu aliyebishiwa hodi na habari mbaya. Nilimpigia kaka yangu aliyeko Singida. Akasema hana habari yoyote, nilale. Nikaamini ananificha. Namba ya jirani wa mama ninayo, lakini sikuthubutu kuipiga, kwa sababu nikiipiga ningejua.

Saa 12 asubuhi nilikuwa ndani ya kosta. Kutoka Dodoma mjini mpaka Kondoa ni kilomita 150 na ushee, barabara ile ya lami inayoendelea Babati mpaka Arusha. Tulipopita Mayamaya mama alikuwa ameshakufa. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kichwani mwangu, kwa undani wote: sanda, mchele wa msiba, nani apewe taarifa kwanza, ruhusa ya siku ngapi nitaomba kazini. Tulipofika Chemba nilikuwa nagombana na baba mdogo juu ya mahali pa kaburi. Yeye anataka kwenye viwanja vya ukoo wao, mimi nataka pembeni ya baba. Nilikuwa nikimjibu kimoyomoyo, na machozi yakawa yananitoka kweli. Mama mmoja aliyeketi pembeni yangu akanishika goti akaniambia, "Pole, mwanangu, tumeumbwa kwa ajili hiyo." Alidhani nimefiwa. Sikumkatalia.

Nilimkuta mama barazani anamenya karanga.

Simu iliisha chaji, umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Alitaka kuniuliza bei ya mashudu, kwa sababu jirani yake amenunua ng'ombe wa maziwa na anajua mimi nafanya kazi kwenye kinu cha alizeti. Alichelewa kulala kwa kuwa alikuwa na wageni. Basi. Nilisimama na mkoba wangu begani, miguu inatetemeka, nikaanza kulia tena, safari hii kwa sauti. Akanivuta nikakaa kwenye mkeka. Nikamweleza yote, mpaka habari ya baba mdogo na kaburi. Hakunikatiza. Aliendelea kumenya, maganda yanaanguka kwenye ungo, halafu akauliza kwa upole kabisa:

"Umenizika mara ngapi mpaka umefika hapa?"

Nilihesabu kweli. Usiku ule na njiani, mara tatu. Lakini swali lake lilikwenda mbali kuliko usiku ule, na sote wawili tulilijua hilo. Nilikuwa namzika mama yangu kwa miaka 8.

Baba alifariki mwaka 2013. Jioni ya siku hiyo alinipigia, nikaiona simu, nikawa nimechoka, nikasema nitampigia kesho. Saa 8 usiku simu ikaita tena, sauti haikuwa yake. Kiharusi. Sikumwambia mtu yeyote habari ya ile simu ya jioni. Nililia msibani kama watoto wengine wa marehemu, arobaini ikapita, nikarudi kwenye maisha. Ila tangu hapo kila kilichocheleweshwa kilinitisha. Mdogo wangu asipojibu ujumbe. Kaka akisafiri. Tajiri akisema "tutaongea kesho". Mama akikohoa.

Mwaka 2017 nilihamia Dodoma mjini kwa ajili ya kazi. Natunza daftari la stoo kwenye kinu kimoja huko Kizota: magunia ya alizeti yanayoingia, madumu ya mafuta yanayotoka, mashudu yanayouzwa. Msimu ukianza, kuanzia mwezi wa 5 hivi, malori yanapanga foleni na mizani haipumziki. Ni kazi ya kuhesabu na kuhakiki, na kwa mtu mwenye ugonjwa wangu ilikuwa kama kumpa mlevi ufunguo wa kilabu. Nilihakiki hesabu mara mbili, kisha mara nne. Nilifunga kufuli la stoo, nikafika kituo cha daladala, nikarudi kulivuta. Watu walinisifu. "Huyu dada ni makini sana." Nami nikaamini kwamba ndio umakini wenyewe, kwamba mtu anayejali ndivyo anavyoishi, na hao wanaolala fofofo hawajajua dunia.

Mwili ulikataa kabla yangu. Moyo ukawa unaenda mbio nimekaa tu. Viganja vinalowa. Tumbo linakaza, chakula hakishuki, nikipata usingizi ni wa mang'amung'amu, nasikia kila mbwa wa mtaa. Nikaanza kutafuta dalili zangu mtandaoni saa 9 usiku, jambo ambalo simwombei mtu yeyote, maana kila dalili ina ugonjwa wa kuua unaoisubiri. Nilipimwa presha, sukari, malaria, nikapimwa moyo kwa kile kipimo cha umeme wenye waya nyingi kifuani. Daktari akaniambia moyo ni mzima. Nilipaswa kufurahi. Nilitoka pale nikiwaza: na kama mashine ni mbovu?

Ilinichukua muda kukubali kutafuta msaada wa akili, na sababu yake mkazi yeyote wa Dodoma ataielewa. Sisi tunaishi na Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe katikati ya mji wetu. Watu wanatibiwa pale na kurudi nyumbani kwao, lakini mitaani jina lake limegeuzwa tusi. Mtoto akifanya utundu anaambiwa atapelekwa Milembe. Dereva akimkosakosa mwenzake, neno ni hilohilo. Nami nimelitamka mara nyingi, nacheka na wenzangu, kabla sijajua kwamba nitafika siku ya kuogopa kuonekana nimekaa kwenye benchi la kliniki yoyote yenye neno "akili" mlangoni. Leo nikimsikia mtu anasema hivyo namwomba aache. Huenda aliyekaa pembeni yake ameshika barua ya rufaa mkobani, na neno hilo linamrudisha nyumbani.

Baada ya safari ile ya Kondoa nilikwenda. Mshauri nasaha alikuwa mwanamke wa makamo, sauti ya taratibu, na jambo la kwanza alilonifanyia ni kunieleza mwili wangu. Hofu, alisema, ni king'ora. Mwili ukidhani kuna chui, unamwaga adrenalini, moyo unasukuma damu kwenye misuli ili ukimbie au upigane, tumbo linasimamishwa kwa sababu mtu anayekimbia chui hana haja ya kumeng'enya ugali. Yote niliyokuwa nikiyaona kama ugonjwa wa moyo ilikuwa kazi ya king'ora kinacholia bila chui. Akanifundisha kupumua: kuvuta hewa kwa hesabu ya 4, kuitoa polepole kwa hesabu ya 6. Pumzi ndefu ya kutoka, alisema, hupitia kwenye neva inayoitwa vegasi na kuuambia moyo upunguze mwendo. Nilijaribu mbele yake nikaona aibu. Nilijaribu nyumbani usiku kwa dakika 5, mkono tumboni, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilihisi mabega yangu yakishuka. Mawazo hayakuondoka. Ila mwili haukuyabeba tena kwa kukimbia.

Nilimwambia kwamba watu wote wanaonipenda wananiambia kitu kimoja: usiwaze. Usiwaze sana, dada. Achana nayo. Alitikisa kichwa. Akanisimulia jaribio la mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake, la mwaka 1987: waliwaomba watu wasimuwaze dubu mweupe kwa dakika 5, na wapige kengele kila atakapowajia. Kengele zikalia. Tena waliozuiwa kumuwaza, waliporuhusiwa baadaye, dubu aliwajia kwa wingi kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Sijawahi kumwona dubu wa aina yoyote, lakini usiku ule nilimuelewa vizuri sana. Miaka yote nilikuwa najifukuzia wazo ambalo kwa kufukuzwa linapata nguvu.

Badala ya kulifukuza, alisema, lipangie saa. Hii nayo sikuibuni mimi wala yeye. Thomas Borkovec na wenzake huko Marekani waliijaribu na kuichapisha mwaka 1983. Unachagua nusu saa, kila siku muda uleule, mahali palepale. Wasiwasi ukikujia asubuhi kazini unauandika kwa neno moja au mawili na kuuambia: saa 12 jioni. Ikifika saa 12 jioni unakaa nao, unauwaza kwa bidii yote, na kama kuna la kufanya unaandika utalifanya lini. Nusu saa ikiisha unainuka.

Nikanunua daftari la kurasa 96, la kuandikia mashuleni. Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya. Nilifika jioni na orodha ya mambo 20, nikayasoma, na nusu saa ikawa saa nzima na nikalala nimechoka kama niliyepakua lori. Nikataka kuacha. Mshauri akaniambia nisiandike tu jambo ninaloliogopa, niligawe ukurasa kwa mstari katikati: upande huu ninachokijua, upande ule ninachokihofia. Hapo ndipo nilipoona kitu. Kwa mfano, tarehe moja ya Oktoba nimeandika kushoto: "Tajiri kasema tutaongea kesho." Kulia: "Kuna upungufu wa madumu. Nitaambiwa nimeiba. Nitafukuzwa. Kodi itanishinda. Nitarudi kwa mama. Mama atapata presha kwa ajili yangu. Atakufa." Kushoto mstari mmoja, kulia mistari saba. Na karibu kila ukurasa, jambo lolote liwalo, lianzie kwenye madumu, kwenye dawa ya mbu au kwenye mvua, mstari wa mwisho upande wa kulia ni uleule. Mtunza stoo yeyote akiona daftari lenye jibu moja kwa kila hesabu atajua kuna tatizo kwenye hesabu zenyewe.

Tajiri alitaka kuniongezea msaidizi.

Sasa nimtaje bibi, mwenye nyumba wangu, maana bila yeye daftari lingebaki daftari. Ni Mgogo wa Mvumi, mjane, na jioni hukaa uani kwenye kigoda anachambua mboga. Ukipita bila kumsalimu hakugombezi, ila atakuita urudi: "Mbukwenyi!" na lazima usimame uitikie. Kwa miaka minne nilimsalimu huku natembea. Nilipoanza ile nusu saa ya wasiwasi nikaona chumbani kunanibana, nikatoka na daftari uani, na yeye bila kuuliza akanisogezea ungo wa mlenda. Tukawa tunachambua pamoja, majani huku, vijiti kule. Mikono ikiwa na kazi, kichwa kinapunguza kelele. Hilo niliona mwenyewe kabla ya kuelezwa na mtu. Wakati mwingine alisimulia. Ile habari ya jina la mji, tembo aliyekuja kunywa maji kijitoni akadidimia kwenye tope, Wagogo wakasema *idodomya*, amezama, aliisimulia kwa huruma kama tembo yule alikuwa wa jirani. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi. Usiku ule nilikaa nikimfikiria mnyama mzito, nguvu zote hizo, na kila anapojikukurusha tope linampokea zaidi.

Jioni moja, mwezi wa 11, mvua za kwanza bado hazijanyesha, joto la kukausha koo, bibi akaniuliza kila siku naandika nini. Nikataka kusema "hesabu za kazini". Nikasema kweli. Nikamwambia naandika hofu zangu, na zote zinaishia kwa mama. Akauliza, "Na usipoogopa?" Nikafungua mdomo kumjibu kitu cha kawaida, na maneno yaliyotoka sikuwa nimewahi kuyasikia hata mimi mwenyewe:

"Nikiacha kuwaza, atakufa."

Kisha nikamwambia ile simu ya baba. Jioni ile, uchovu ule, na "nitampigia kesho" yangu. Miaka 8 nilikuwa sijaitamka kwa binadamu. Niliona aibu, kisha nikaona kwamba sentensi hiyo ikiwa nje, hewani, katikati ya ungo na kigoda, ni ndogo. Kichwani ilikuwa imejaa nyumba nzima.

Bibi alinyamaza muda. Alitoa vijiti viwili vitatu kwenye mboga. Akasema, "Basi umechoka sana, mwanangu. Mchana unafanya kazi ya tajiri, usiku unafanya kazi ya Mungu."

Niliinama nikalia kwenye kanga yangu. Aliniacha nilie. Mboga ikaisha kuchambuliwa.

Nilipomwambia mshauri wangu, alitabasamu akaniambia habari za Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, aliona wagonjwa ni wengi na wataalamu ni wachache mno, akaanza Harare, mtaa wa Mbare, na akina bibi 14. Waliwekewa mabenchi nje ya zahanati, wakafundishwa namna ya kumsikiliza mtu na kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa kwenye mabenchi yale walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Na Washona, alisema, wana jina la ugonjwa huu: *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi. Nilikaa na neno hilo siku nyingi. Ndugu zetu wamelipa jina, wamekaa nalo kwenye benchi. Sisi tunasema tu "fulani ana mawazo", tunapita.

Kuna jambo la imani ambalo sitaki kulikwepa. Nimelelewa madrasa Kondoa. Wapo walioniambia kwamba wasiwasi wangu ni upungufu wa imani, na maneno hayo yaliniumiza kuliko ugonjwa wenyewe, kwa sababu nilikuwa naswali. Naswali, natoa salamu, na kabla sijakunja mswala nimeshaanza kuwaza. Nikaongeza hofu mpya juu ya zile za zamani: huenda Mungu hanitaki. Nilichokuja kukiona, taratibu, ni kwamba neno letu lenyewe, wasiwasi, linatoka kwenye Kiarabu, ni mnong'ono, na katika sura ya mwisho ya Qurani tunaomba kukingwa na shari ya mnong'onezaji anayerudi nyuma. Mnong'ono husikika ukiwa karibu na sikio na pakiwa kimya. Sura yenyewe ni ya kusoma, ya kutamka, na inaanza kwa kuambiwa "sema". Sikupona kwa kuisoma, na sijaacha kuisoma. Ila niliacha kuamini kwamba kusikia mnong'ono ni dhambi yangu.

Sikupanda mlima moja kwa moja. Mwanzoni mwa 2022 mdogo wangu, kwa nia njema kabisa, alipendekeza kila usiku sote wanne tutumiane neno moja: "Salama." Wiki mbili nililala vizuri, nikamshukuru. Wiki ya tatu kaka akasahau. Niliketi nimeshika simu mpaka saa 7, nikamwamsha, nikamkaripia mtu mzima mwenye watoto. Mama naye akaanza kujilazimisha kukesha ili tu aniandikie. Mshauri aliposikia akaniambia jambo lililonikasirisha: tuache. Nilimwona katili. Lakini nikarudi nikaangalia daftari, na kweli, tangu tuanze mpango ule upande wa kulia ulikuwa umerefuka. Kila "salama" ilinituliza kwa saa chache, na saa hizo zikiisha nilidai nyingine. Ni sawa na kuvuta kufuli: ukilivuta mara ya tano hujalifunga zaidi. Tukaacha. Siku tano za mwanzo nilipumua kwa hesabu usiku kucha.

Kufuli nililiacha kwa namna hiyohiyo. Nalifunga, nasema kwa sauti "nimefunga, Jumanne", naondoka. Wenzangu stoo wamezoea kunisikia. Chai ya rangi ya jioni niliikata, na simu hulala jikoni kwenye chaji, mbali na mto wangu. Haya ni madogo na sina mengi ya kuyasemea, ila yamenisaidia kuliko nilivyotarajia.

Mwezi wa 2 mwaka 2023 jambo lilitokea kweli. Mama aliteleza kwenye tope akitoka shambani, akavunjika mkono wa kulia. Kaka ndiye aliyenipigia, mchana, nikiwa kwenye mizani. Moyo ulikwenda mbio, ndiyo. Nikampa msaidizi daftari, nikatoka nje ya stoo, nikapumua, nikauliza mambo matatu: yuko wapi, nani yuko naye, nije na nini. Kaka akasema: njoo na pesa, mashuka na kanga pana ya kufungia mkono begani.

Katika miaka yote ile ya kuwaza sikuwahi hata mara moja kuwaza mkono. Nilikuwa na kiharusi, ajali ya basi, saratani, moto, nyoka. Mazishi nilikuwa nayo yamekamilika mpaka idadi ya sufuria. Na pale kwenye foleni ya hospitali, mama ameegemea bega langu, ananiuliza kama nimekula, hakuna hata kimoja cha kwenye ghala langu la hofu kilichonifaa. Kilichotakiwa ni mashuka. Nilikaa naye wiki mbili. Nilimwogesha, nikamchana nywele, nikamlisha ugali wa uwele kwa mkono wangu, na jioni nilimenya karanga yeye akinielekeza kwamba nabakiza maganda. Kwa siku kadhaa nilikuwa pale kweli, na mama aliye hai, na sikumzika.

Nakumbuka asubuhi moja tulikwenda polepole mpaka chemchemi ya Kondoa, akataka kuona maji. Alisimama pale mkono umefungwa kwa kanga yangu ya kijani. Nikamwambia ile habari ya simu ya baba. Nilidhani ataumia. Akasema jioni ile baba alimpigia kila mtoto, simu ilikuwa na vocha ya ofa inayoisha usiku, akasema ngoja nisalimie watoto. Wawili hawakupokea. Akala, akasifia mchuzi, akalala.

Sikuuliza wa pili ni nani.

Bado nawaza. Msimu ukikaribia, bei ya alizeti ikiyumba, usingizi unapungua, na kuna siku upande wa kulia wa daftari unajaa. Hili ni daftari la saba. Bibi wa Mvumi amezeeka, macho yanamsumbua, sasa mimi ndiye nachambua na yeye anasimulia. Kuna kijana aliyepanga chumba cha mwisho, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, aliyeanza kutoka nje usiku na kuzunguka uani. Juzi nilimsogezea kigoda.

Wiki iliyopita, saa 5 usiku, nilikuwa jikoni nazima taa, nikaona simu inawaka pale kwenye chaji. Mama amepiga mara moja, kisha ameandika: "Nipigie." Nikapiga. Haipatikani. Nilisimama nimeshika simu. Moyo ukaanza safari yake, nikausikia mpaka masikioni. Nikatoa pumzi, polepole, hesabu ya 6. Nikachukua daftari, nikaandika kushoto: "Mama kaandika nipigie. Simu imezimwa." Kulia nikaandika mstari mmoja, mnaujua. Chini yake nikaandika: "Nitampigia kesho saa 1." Mkono ulitetemeka kwenye neno "kesho". Nikalimaliza.

Nikalala. Niliamka mara mbili, nikalala tena.

Saa 1 asubuhi alipokea mlio wa kwanza. Ng'ombe wa jirani amezaa, anauliza mashudu sasa ni shilingi ngapi.